Kupima Kuganda kwa Damu kwa Mwenye Kisukari: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayemsindikiza

Katika maabara nyingi za Dar es Salaam, kuanzia zahanati za Mbagala hadi hospitali kubwa za Upanga, hufika watu wenye kisukari wakiwa na ombi moja: wanataka kupimwa kama damu yao ni nzito. Wameambiwa na ndugu au jirani kwamba sukari huifanya damu iwe nzito, kwamba damu nzito ndiyo huleta kiharusi, na kwamba kipo kipimo kitakachowaonyesha wamefikia wapi. Wasiwasi huo una msingi, kwa kuwa ni kweli kwamba kisukari huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Hata hivyo, vipimo vya kuganda kwa damu vinavyofanyika kila siku katika hospitali zetu havikuwekwa kwa ajili ya kujibu swali hilo, na mtu anayelipia PT na INR ili ajue kama atapata kiharusi anaweza kurudi nyumbani na karatasi yenye majibu mazuri ambayo haimkingi na lolote. Mwongozo huu unaeleza vipimo hivyo vinajibu nini, mwenye kisukari anavihitaji wakati gani, ajiandae vipi, na ayaelewe vipi majibu yake.

Vipimo hivi vinaangalia nini

Mtu akijikata, mambo mawili hutokea karibu kwa pamoja. Chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, hukusanyika palipochanika na kushikamana, na wakati huohuo protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, huamshana moja baada ya nyingine hadi ile iitwayo fibrinojeni inapogeuka kuwa nyuzi zinazolifunga donge. Kipimo cha PT huhesabu sekunde ambazo plazma, yaani yale maji ya njano yanayobaki chembe za damu zikishatengwa, huchukua kuganda baada ya kuwekewa kemikali maalumu. aPTT hufanya hivyohivyo kwa kemikali nyingine inayoamsha kundi jingine la protini. Kwa kuwa kemikali ya PT hutofautiana nguvu kutoka kiwanda hadi kiwanda, mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha hesabu ya INR, inayoyaweka majibu ya PT kwenye kipimo kimoja, ili mtu aliyepimwa Temeke leo na Muhimbili mwezi ujao aweze kulinganisha namba zake.

Sasa tazama kisukari kinafanya nini. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe sahani huwa nyepesi kushikamana hata pasipo na jeraha, kiasi cha fibrinojeni huongezeka, sukari hujibandika kwenye protini hiyo na kuzifanya nyuzi za donge ziwe ngumu kuyeyushwa, na kuta za ndani za mishipa huharibika. Sehemu kubwa ya madhara hayo haionekani kwenye PT wala aPTT, kwa sababu ndani ya kichupa cha maabara hakuna ukuta wa mshipa, na chembe sahani zenyewe zimeshaondolewa kwenye mashine ya kuzungusha damu kabla kipimo hakijaanza. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na INR ya 1.0, isiyo na kasoro, na bado mishipa yake ya moyo ikawa katika hatari kubwa.

Kwa mwenye kisukari asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiye na dalili za kutokwa na damu wala za donge, na asiyetarajia upasuaji, sioni sababu ya kulipia vipimo hivi kila mwaka. Fedha hiyo ielekezwe kwenye HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), presha, kolesteroli, kreatinini (kipimo cha figo) na protini kwenye mkojo, pamoja na kukaguliwa macho na miguu, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonyesha hatari ya kiharusi na ya moyo, na ndivyo vinavyoweza kufanyiwa kazi mapema.

Wakati vinapohitajika kweli

Sababu inayojitokeza mara nyingi zaidi ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wako wenye kisukari ambao moyo wao hupiga bila mpangilio, wako waliowahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, na wako waliowekewa valvu bandia, wakiwemo wanaofuatiliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Upanga. Wote hao INR yao hupimwa katika kipindi chote wanachotumia dawa hiyo.

Sababu ya pili ni upasuaji, iwe ni kusafisha kidonda cha mguu kilichoingia ndani, kukata kidole kilichooza, au upasuaji mkubwa wa aina nyingine. Hapa daktari huamua kufuatana na historia: kama umewahi kutokwa na damu kupita kiasi ulipong'olewa jino au ulipojifungua, kama una ugonjwa wa ini, na kama unatumia dawa zinazogusa kuganda kwa damu. Jibu maswali hayo kwa ukamilifu, maana historia yako inaweza kumweleza daktari mambo ambayo kipimo hakiyaonyeshi.

Sababu ya tatu ni dalili. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, au ukipata ghafla ugumu wa kupumua unaoambatana na maumivu ya kifua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wengi wenye kisukari wana ganzi miguuni, na mtu wa namna hiyo huenda asisikie maumivu ambayo yangemshtua mwingine. Kwa hiyo uvimbe wa mguu mmoja usiusubiri mpaka uume. Upande wa pili ni kutokwa na damu: fizi zinazotoa damu bila sababu, damu ya pua isiyokatika, madoa ya zambarau kwenye ngozi, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au choo cheusi kama lami. Mgonjwa aliyelazwa kwa kidonda kilichosambaza maambukizi kwenye damu naye hupimwa, kwa sababu maambukizi makali huweza kuzimaliza protini za kugandisha damu, lakini uamuzi huo ni wa madaktari wa wodini.

Kujiandaa nyumbani

Vipimo vya kuganda kwa damu havihitaji mtu afunge kula. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake nimeyaona kwenye mabenchi ya kusubiria: mtu ametoka Chanika saa kumi na moja alfajiri, amechoma insulini au amemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, kama kawaida yake, hakunywa hata chai kwa kuwa alidhani kila kipimo cha damu hutaka tumbo tupu, akapanda daladala mbili, akasimama kwenye foleni ya usajili na ya malipo, na ilipofika saa nne asubuhi jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Sukari imeshuka. Kama umeandikiwa PT, INR, aPTT, chembe sahani au D-dima (kipimo cha mabaki ya donge la damu linaloyeyuka) peke yake, kula kifungua kinywa chako na utumie dawa zako kama siku nyingine.

Mara nyingi hata hivyo daktari huandika kwenye karatasi moja vipimo vya kuganda kwa damu pamoja na sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hapo utalazimika kufunga kwa saa zisizopungua nane, ukinywa maji tu, na siku moja kabla uulize kliniki ufanye nini na dawa zako. Kwa kawaida vidonge vya kushusha sukari na insulini ya mlo husubiri mpaka utakapokula, ilhali insulini ya muda mrefu huendelea kwa kiwango utakachoelekezwa, usikisie mwenyewe. Fika mapema, mweleze anayekupokea kwamba una kisukari na umefunga, na uombe kutolewa damu kwanza.

Kwenye mfuko wako weka mashine ya kupimia sukari kama unayo, sukari kidogo kwenye karatasi, na chakula cha kula mara baada ya kutolewa damu. Ukihisi kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa sukari iko chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au unywe nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15 kisha upime tena. Usiogope kuharibu kipimo. Sukari ya asubuhi inaweza kupimwa siku nyingine.

Dawa zako zote zibebe zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na dawa za asili ulizonunua Kariakoo au ulizoletewa kutoka kijijini. Unga wa mdalasini na vitunguu swaumu, ambavyo wenye kisukari wengi huvitumia kwa wingi kama dawa, vitaje pia, kwa kuwa vinaweza kuathiri mtu anayetumia wafarini. Aspirini itaje hata kama ni kidonge kidogo cha kila siku, kwani hugusa chembe sahani kwa muda wa wiki moja hivi na haionekani kabisa kwenye PT wala INR. Usiache wafarini ili namba itoke nzuri. Kama upasuaji unakuja, daktari ndiye atakayesema isimamishwe siku ngapi kabla, mara nyingi ni siku tano, na kama utahitaji sindano ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika kipindi hicho.

Kwenye meza ya kutolea damu

Sampuli ya vipimo hivi huingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu hafifu, na kichupa hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vingine vyote vilivyo mezani. Chini yake mna maji kidogo ya sitrati ya sodiamu, ambayo huzuia damu isigande hadi ifike kwenye mashine, na kiasi chake kimepimwa kiendane na sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya dawa. Damu isipofika kwenye mstari uliochorwa ubavuni, dawa inazidi, na majibu hutoka yakionyesha kwamba damu yako inachelewa kuganda wakati si kweli. Kwa mtu wa wafarini hili lina uzito mkubwa, kwa sababu daktari anaweza kupunguza dawa kwa kufuata namba ya uongo.

Unaruhusiwa kutazama, na unaruhusiwa kuuliza. Mtaalamu mwenye bidii utamsikia akisema, “Mama, mshipa umegoma, naomba nikutoboe tena mkono mwingine, maana hiki lazima kijae hadi hapa.” Mkubalie. Maumivu ya sindano ya pili ni madogo kuliko hasara ya kurekebishiwa dawa kwa kosa. Kikishajaa, kichupa hupinduliwa taratibu mara tatu au nne; hakitikiswi. Kama unatolewa damu ya vipimo vingi, kichupa cha bluu hutangulia kile cha zambarau cha kuhesabu chembe za damu na kile cha kijivu cha sukari, ili kemikali za huko zisiingie ndani yake.

Mwenye kisukari ambaye figo zimefikia hatua ya kusafishwa damu ana neno la ziada la kusema: mkono uliotengenezewa mshipa wa kusafishia damu usitobolewe kwa ajili ya vipimo wala usifungwe mpira. Damu isichukuliwe pia kwenye mpira wa kusafishia damu uliowekwa shingoni bila utaratibu maalumu, kwa kuwa mpira huo huwekewa heparini, na tone dogo la heparini linatosha kurefusha aPTT.

Uliza sampuli inapimwa wapi. Baadhi ya zahanati hutoa damu asubuhi na kuituma kwa bodaboda kwenda maabara kubwa mchana. Sampuli ya PT hustahimili hadi saa 24 katika joto la kawaida la chumba, lakini ya aPTT inatakiwa ipimwe ndani ya saa nne, na joto la begi lililoachwa juani mwezi Februari si joto la chumba. Wala haitakiwi kuwekwa kwenye barafu. Kama kipimo chako ni aPTT, ni afadhali kwenda moja kwa moja kwenye hospitali inayokipima papo hapo.

Baada ya sindano kutolewa, bana pamba kwa kidole bila kukunja kiwiko kwa dakika tatu hadi tano, na kama unatumia wafarini endelea mpaka uhakikishe damu imekoma.

Kuyaelewa majibu

Kila karatasi ya majibu huwa na safu ya viwango vya kawaida vya maabara husika, na hivyo ndivyo vya kufuata kabla ya namba zozote ulizosoma kwingine. Kwa jumla PT ya mtu mzima asiyetumia dawa huwa sekunde 11 hadi 13.5, INR huwa karibu na 1, aPTT huwa kati ya sekunde 25 na 35 hivi, na chembe sahani huwa 150 hadi 450 kwa kipimo cha bilioni kwa lita. PT ikirefuka kwa mtu asiyetumia wafarini, daktari hufikiria ini kwanza, kisha upungufu wa vitamini K. Karatasi ikionyesha kila kitu kiko sawa na bado fizi zinatoka damu, mkumbushe daktari kuhusu figo zako, kwani figo zilizochoka huharibu utendaji wa chembe sahani bila kupunguza idadi yake, na PT hubaki ya kawaida.

D-dima ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ikiwa chini ya kiwango, kwa mtu ambaye daktari ameona uwezekano wa donge ni mdogo, inasaidia kuliondoa donge kwenye mawazo. Ikiwa juu, haithibitishi kitu peke yake, kwa sababu kidonda cha mguu chenye maambukizi, upasuaji wa karibuni, saratani na hata umri huipandisha. Ndiyo maana baadhi ya madaktari kwa wenye zaidi ya miaka 50 hukizidisha kiwango kulingana na umri. Hatua inayofuata ni picha ya altrasaundi ya mguu, na dawa za donge hazitakiwi kutolewa kwa miezi kwa sababu ya D-dima pekee.

Kuishi na wafarini na kisukari kwa pamoja

Kwa wengi wanaotumia wafarini lengo ni INR kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya valvu bandia huwa juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Lengo lako liandikwe kwenye daftari la kliniki, pamoja na tarehe, namba iliyopatikana na kipimo cha dawa, kila unapopimwa. Mwanzoni utapimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na namba ikitulia kila baada ya wiki nne hivi. INR ya leo inaonyesha dawa ulizomeza siku mbili tatu zilizopita, kwa hiyo kidonge ulichosahau jana hakifidiwi kwa kumeza viwili leo. Meza jioni, saa ileile, ili majibu ya mchana yakisema dawa ibadilishwe, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Mboga za majani ndizo zinazowachanganya wagonjwa. Matembele, kisamvu na mchicha vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini, na baadhi ya watu wakisikia hivyo huziacha kabisa. Kwa mwenye kisukari huko ni kujinyima chakula kinachomfaa zaidi kwenye sahani. Endelea kula mboga, ila kiasi kisipande na kushuka: anayekula mkono mmoja wa mchicha kila siku na aendelee hivyo, na dawa itapangwa kuendana naye.

Dawa za maambukizi zina hatari kubwa kuliko mboga. Kidonda cha mguu hutibiwa mara nyingi kwa metronidazoli au siprofloksasini, na hizo, pamoja na kotrimoksazoli na flukonazoli ya fangasi, huweza kuipandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu, ugonjwa ambao kisukari huongeza uwezekano wake, hufanya kinyume: huishusha INR sana, na ikishamalizika INR hupanda tena. Ukianza au ukimaliza dawa yoyote kati ya hizi, rudi kupima ndani ya wiki moja, usisubiri tarehe ya kliniki. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kwa kiasi, wala si diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo huchubua tumbo na kuumiza figo. Anayetumia glibenklamaidi apime sukari mara nyingi zaidi anapoanzishiwa wafarini, kwani sukari inaweza kushuka kuliko ilivyozoeleka.

Wako pia wanaotumia dawa mpya za kuzuia damu kuganda kama rivaroksabani na dabigatrani. Hao hawafuatiliwi kwa INR. Kipimo chao muhimu ni kreatinini, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa dawa mwilini, kwa sehemu au karibu yote, na kisukari huzidhoofisha kimyakimya.

INR ikizidi 4.5, piga simu kliniki au nenda siku hiyo hata kama hujisikii vibaya. Choo cheusi, kutapika damu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au kujigonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda hata bila jeraha, ni safari ya moja kwa moja idara ya dharura, iwe Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, popote palipo karibu. Mgonjwa akichanganyikiwa au akilegea upande mmoja, pima sukari hapohapo, kwa sababu sukari iliyoshuka huweza kufanana na kiharusi, lakini usafiri utafutwe wakati mashine inasoma. Na mtu wa kwanza atakayewapokea mlangoni aambiwe mambo matatu kabla ya jina: ana kisukari, anatumia wafarini, na INR yake ya mwisho ilikuwa ngapi.